Absalom Wawili wa Kaunti ya Tolliver

Maiti hazai. Hilo Nedra Haskell alilijua vizuri, na hata hivyo aliusoma ule waraka mara ya tatu, akitumaini kwamba safari hii marehemu angechelewa kidogo kufa.

Ulikuwa waraka wa mahakama wa mwaka 1815, nakala iliyofifia, wenye kusema kwamba msichana Keziah, yatima wa marehemu Absalom Pruitt, amekabidhiwa kwa mlezi. Rhonda Kitchell, dereva wa basi la shule, ndiye aliyeuleta asubuhi hiyo pamoja na ombi lake la tatu la kujiunga na Chama cha Familia za Mwanzo. Mara mbili Nedra alikuwa amemrudishia ombi, kwa kuwa kila mara palikosekana ushahidi wa kizazi kimoja. Sasa ushahidi ulikuwepo mezani. Chama kinamtaka mtu athibitishe, kizazi baada ya kizazi, kwamba ametokana na mtu aliyefika kaunti yetu ya Tolliver, hapa Ohio, kabla ya mwaka 1820. Rhonda alikuwa ametokana na Absalom Pruitt bila shaka yoyote.

Tabu ni kwamba Absalom huyohuyo ndiye aliyemwingiza chamani Bi. Verda, mama mkwe wake Nedra. Na Enos Pruitt, ambaye Bi. Verda alijivunia kuwa kitukuu chake na aliyesemekana kuwa mwana wa Absalom, alizaliwa mwaka 1826.

“Mbona kimya hivyo? Kuna mtu amekufa?” Bi. Verda aliuliza. Alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha la jikoni, anaing'arisha beji yake ya chama kwa kitambaa cha miwani.

“Alikufa zamani, Mama.”

“Basi apumzike. Niletee kahawa.”

Nedra alimletea kahawa. Kisha akarudi mezani akawatenganisha wale watu wawili kichwani mwake, kazi ambayo mtu yeyote angeweza kuifanya miaka sitini iliyopita kama angetaka. Absalom wa kwanza alifika mapema, akalipa kodi ya shamba, akafa kijana. Absalom wa pili alikuja baadaye sana na wachimbaji wa mfereji, ameshika mkono mtoto wake Enos, na ndiye aliyelala chini ya jiwe lenye jina hilo kwenye makaburi ya Kilima cha Mashariki. Mtu fulani aliliona jina kwenye orodha ya kodi, akaliona tena kwenye jiwe, akawafanya kuwa mtu mmoja. Ndilo kosa ambalo mtafiti wa ukoo huonywa siku ya kwanza kabisa. Lakini Bi. Verda alipojiunga, akiwa bibi arusi, mwenyekiti alikuwa shangazi yake, na nani angemdai shangazi karatasi?

Tusimpambe Nedra: alifurahi. Kwa muda wa maji kuchemka alifurahi sana. Watu wake walishuka kutoka milima ya West Virginia kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha matairi, na Bi. Verda hakuacha hata Krismasi moja ipite bila kumkumbusha. “Nyinyi ni watu wa juzi, Nedra, si kosa lenu.” Kwa hiyo Nedra hakuwa na haki ya kuwa mwanachama, ila alikuwa na haki ya kuwafanyia wanachama kazi. Yeye ndiye aliyeshuka chini ya jengo la mahakama kufukunyua majalada. Yeye ndiye aliyekagua kila ombi kabla halijafika kwenye kamati, na siku ya mlo wa kila mwaka akamimina kahawa, akala chakula chake jikoni na mpishi. Bi. Verda alizoea kumtambulisha kwa wageni: “Huyu ni Nedra wetu, anatusaidia.”

Furaha ilipokwisha, Nedra alihisi kuchoka tu. Jumamosi ya wiki iliyofuata chama kingempa Bi. Verda beji ya miaka sitini. Gauni lilikuwa limesharudi kutoka kwa dobi. Hotuba kuhusu Absalom alikuwa ameshaihifadhi moyoni, akiisoma bafuni kwa sauti mpaka mume wa Nedra naye akaijua.

*

Mume huyo, Dwight, alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Alikuwa ndio kwanza anashusha vyombo vyake vya kazi wakati Nedra alipomfuata gereji na kumweleza.

“Umemwambia?”

“Bado.”

“Basi usimwambie.” Dwight alifuta mikono kwenye suruali. “Nedra, mama ana miaka tisini na moja. Amebakiwa na nini? Kanisani rika lake wameisha. Ana hicho chama tu.”

“Na Rhonda je?”

“Rhonda ana mume, ana basi, ana mbwa watatu.”

“Ana haki yake, Dwight.”

“Haki ya kula kuku mkavu na akina mama wenye kofia? Mtu gani anaililia haki hiyo?”

“Mama yako,” Nedra alisema.

Dwight alikaa juu ya sanduku la vyombo. Alimpenda mama yake na alimpenda mkewe, na kwa miaka yote ya ndoa alikuwa amefanikiwa kutokuwepo nyumbani kila mambo hayo mawili yalipogongana.

“Mpelekee Corinne,” akasema hatimaye. “Ndiye mwenyekiti. Aamue yeye.”

*

Bi. Corinne Aldous alimpokea Nedra kwenye kibaraza chake cha vioo, akamkatia keki ya limau, akausoma waraka polepole kuanzia juu hadi chini. Alikuwa mwanamke mwenye sauti laini, wa aina ambayo humfanya mtu aondoke kwake ameshukuru bila kujua ameshukuru nini.

“Nani mwingine ameuona?”

“Rhonda mwenyewe.”

“Anajua maana yake?”

“Anajua ni babu yake. Hajui ni nani mwingine anayemtumia chamani.”

“Vizuri. Basi hakuna haraka.” Bi. Corinne aliurudisha waraka ndani ya bahasha. “Faili huweza kusubiri, Nedra. Tuna mafaili yaliyosubiri muda mrefu zaidi.”

“Lisubiri mpaka lini?”

Bi. Corinne alitazama nje, kwenye kisanduku cha kulishia ndege. “Verda amekula chumvi nyingi. Sitaki kusema zaidi ya hapo.”

“Unasema tumsubiri afe.”

“Ninasema tuwe na utu. Atapewa beji yake, tutampigia makofi. Siku ikifika, tutamzika na maua ya chama. Baada ya hapo tutamwita yule binti wa Kitchell na kumkaribisha kwa mikono miwili. Hakuna atakayeumia.” Aliinama akamgusa Nedra gotini. “Na wewe si mwanachama, mpenzi. Si lazima ubebe mzigo huu. Niachie mimi.”

Jambo lenyewe lilikuwa na upole wake, na upole huo ndio uliomchefua Nedra. Bi. Corinne alimfungia nusu ya keki ampelekee Bi. Verda, na walipofika mlangoni akamkumbusha awahi ile Jumamosi, maana mwaka jana kahawa ilichelewa.

*

Siku tatu baadaye Rhonda alimkuta dukani, wote wawili kwenye foleni ya kulipa. Alikuwa ametoka kazini, bado amevaa kizibao chake cha manjano.

“Nimekosea wapi safari hii?” Rhonda aliuliza. Hakusalimia.

“Hujakosea.”

“Basi mbona sisikii kitu? Mara ya kwanza ukaniambia bibi yangu hana cheti cha ndoa. Nikaenda mpaka Indiana nikakitafuta. Mara ya pili ukaniambia Keziah hana baba. Nimempatia baba. Sasa nikuletee nani? Adamu na Hawa?”

“Suala liko kwenye kamati, Rhonda.”

“Kamati ni wewe. Kila mtu anajua. Wao wanakula, wewe unasoma.”

Msichana wa kwenye mashine ya kuhesabia alipunguza mwendo asikie vizuri. Mzee mmoja nyuma yao alijifanya anasoma bei ya peremende. Nedra alihisi masikio yanamuwaka.

“Si hapa, tafadhali.”

“Wapi, basi? Huniiti kwako.” Rhonda alishusha sauti, si kwa adabu bali kwa kuchoka, na hapo Nedra aliona macho yake yamevimba. “Baba yangu alizoa taka za wanawake wale miaka thelathini. Walikuwa wakimwita ‘wewe.’ Alikufa akidhani sisi ni takataka zilizookotwa pamoja na zile za kwenye gari lake. Nami nimegundua babu yetu alifika hapa kabla ya babu zao. Sitaki zawadi. Nataka kuandikwa, nikae pale siku moja nimiminiwe kahawa kama mtu. Niko tayari kusubiri, Nedra. Niambie tu nasubiri nini.”

Nedra angesema nini? Kwamba unasubiri bibi kizee afe, naye anakula mayai mawili kila asubuhi na daktari amesema moyo wake ni wa msichana? Aliacha mkate na maziwa kwenye meza ya kulipia, akatoka nje kwenda kwenye gari lake.

*

Jioni hiyo walikula viazi vya kuoka na nyama ya kusaga. Bi. Verda alikuwa amechangamka. Alimaliza chakula, akajivutia ile keki ya Corinne, akaanza hotuba yake ili asikie jinsi inavyotoka akiwa ameshiba.

“‘Mabibi na mabinti, babu yangu Absalom Pruitt alipoufikia mto huu, hapakuwa na daraja—’”

“Mama,” Nedra alisema, “huyo si babu yako.”

“Nedra,” Dwight alisema.

“Walikuwa Absalom wawili. Wa kwanza alikufa kabla ya 1815. Enos alizaliwa 1826. Wako ni yule wa pili.”

Bi. Verda aliweka uma chini. Hakukasirika mara moja. Alimtazama mkwewe kama mtu anayemtazama fundi aliyevunja kitu na bado hajasema ni kitu gani.

“Mimi niliingizwa na shangazi Lavinia.”

“Shangazi hakuona karatasi yoyote.”

“Shangazi hakuhitaji karatasi. Watu walikuwa wakiaminiana wakati ule.”

“Ndiyo, Mama. Wakaamini kitu kisichokuwepo.”

Nedra alikwenda kuleta nakala yake ya waraka, akamsomea, akamwonyesha kwa kidole. Dwight alinyanyuka, akaketi tena. Bi. Verda alivaa miwani, akasoma mwenyewe, midomo ikicheza. Alikuwa mwanamke mkali lakini hakuwa mjinga.

“Umeisubiri sana siku hii,” akasema.

“Kidogo,” Nedra alikiri.

“Na sasa imefika, unajisikiaje?”

“Nimechoka tu, Mama.”

Bi. Verda aliitikia kwa kichwa polepole, kana kwamba hilo angalau alilielewa. “Corinne anajua?”

“Anajua.”

“Anasemaje?”

“Nedra, basi, tafadhali,” Dwight alisema.

“Anasema faili la Rhonda lisubiri.”

“Lisubiri nini?”

Jokofu lilinguruma, likanyamaza. Bi. Verda alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa anatazama sahani, kisha akaitazama ile keki ya limau iliyobaki nusu kipande.

“Ohoo,” akasema. “Kumbe.”

“Mama, watu wale wanakupenda.”

“Najua wananipenda, Dwight. Watanipenda zaidi nikiwahi.” Alisukuma keki mbali kwa kidole kimoja. “Yaani watanivika beji, watapiga makofi, halafu kila mmoja ataniangalia rangi ya uso. Wataulizana nimekohoa au sijakohoa. Mimi si faili.”

Uso wake ulikuwa umelegea, na kwa mara ya kwanza Nedra alimwona mzee kweli. Ule ushindi aliowahi kuuota jikoni kwake haukuwa na ladha yoyote.

“Yule wa makaburini,” Bi. Verda aliuliza, “niliyempelekea maua kila mwezi wa tano tangu nikiwa msichana. Huyo ni nani?”

“Huyo ni babu yako kweli. Hakuna wa kukunyang'anya. Ila alikuja kuchimba mfereji, kwenye miaka ya 1830. Hakumiliki shamba. Aliishi kwenye kambi ya wachimbaji na mtoto wake.”

“Na mkewe?”

“Sijampata bado.”

“Na kile kibao cha shaba walichompigilia kwenye jiwe? ‘Mwanzilishi’?”

“Kitaondolewa. Si chake.”

“Nani atakiondoa?”

“Chama kitatuma mtu, nafikiri.”

“Hakuna wa kumpandia babu yangu na nyundo,” Bi. Verda alisema. “Dwight, una bisibisi. Utakwenda wewe.”

Kisha akaomba simu. Nedra alimbonyezea namba, akampa. Walimsikia kila neno, kwa maana Bi. Verda aliongea na simu kwa sauti ya kuufikisha ujumbe hata bila simu.

“Corinne, ni Verda. Keki yako imekauka... Sikiliza. Faili la yule binti wa Kitchell lipitisheni Jumatatu, na langu lifungeni... Ndiyo, ameniambia. Ulidhani hataniambia? Anaishi na mimi... Hapana, siumwi. Ndiyo maana nakupigia. Asiumwe mtu kwa ajili ya kunisubiri.”

Alimrudishia Nedra simu, akasema anataka kulala. Njiani kwenda chumbani alishika ukuta, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya mbele ya watu.

*

Kamati ilikutana Jumatatu, ikampitisha Rhonda bila maneno mengi. Bi. Corinne alimtumia Bi. Verda shada la maua meupe, lenye kadi ya aina inayopelekwa kwenye msiba. Mbali na hayo hakuna aliyepiga simu wala kugonga mlango, si kwa ubaya bali kwa aibu, nasi watu wa Tolliver tukiona aibu hukaa ndani. Dwight alikwenda makaburini akarudi na kibao amekifunga kwenye taulo. Hakujua akipeleke wapi, akakiacha gereji nyuma ya matairi ya majira ya baridi.

Jumamosi asubuhi Bi. Verda alioga, akavaa lile gauni lililotoka kwa dobi, akaketi sebuleni na mkoba mapajani.

“Unakwenda wapi, Mama?” Dwight aliuliza.

“Siendi popote. Gauni limeshalipiwa.”

Nedra alikuwa anafuta birika kubwa la kahawa. Alikuwa ameahidi kumimina kahawa na hakuwa na nguvu za kutafuta kisingizio. Simu iliita, akaipokea. Alikuwa Rhonda, anaongea haraka kama mtu aliyejipanga maneno.

“Kila mwanachama anaruhusiwa mgeni mmoja leo, sivyo? Mume wangu amekataa, anasema hana tai. Nimefikiria... Niulizie Bi. Verda kama atakubali niende naye. Akikataa sitachukia. Mimi kule sijui hata pa kuketi.”

Nedra aliziba simu kwa kiganja, akamweleza mama mkwe. Bi. Verda aligeuza uso dirishani. Miaka sitini alikuwa ameingia ukumbi ule kama nyumbani kwake, na sasa angeingia na kadi ya mgeni kifuani, mgeni wa binti wa mzoa taka, mbele ya macho yaleyale. Nedra aliona mishipa ya shingo yake inavyokaza, na akamwonea huruma waziwazi, bila kujizuia.

“Si lazima uende, Mama.”

“Nikikaa hapa watasema nimekufa,” Bi. Verda alisema. “Mwambie aje. Na asiendeshe kama anaendesha basi.”

Rhonda alipofika nje, Nedra alimsaidia bibi kusimama, akamvalisha koti. Karibu na mlango, juu ya kigoda, ndipo lilipokuwa birika la kahawa na waya wake, tayari kupakiwa. Bi. Verda alilitazama.

“Mgeni mmoja,” akasema. “Kila mwanachama.”

“Mmoja, kila mwaka.”

“Hata mimi nilikuwa na haki hiyo.”

“Ulikuwa nayo, Mama.”

Bi. Verda alisimama pale na kitufe kimoja cha koti kikiwa hakijafungwa, anatafuta kichwani. Alimchukua mke wa mchungaji, mara nyingi. Alimchukua binamu yake wa Dayton. Alimchukua jirani ambaye hata jina lake la pili hakulikumbuka, na mwaka mmoja alimchukua msusi wake.

“Wewe sikuwahi kukuchukua.”

“Hukuwahi.”

“Hata mwaka mmoja?”

“Hata mmoja, Mama.”

Bi. Verda alifungua mdomo, akainua mkono kidogo kama mtu anayetaka kulimaliza jambo palepale. Halafu akakumbuka kwamba hana tena uwezo wa kumkaribisha mtu yeyote, na mkono ukarudi kwenye mkoba. Nje Rhonda alipiga honi kwa upole. Nedra alimfungia kile kitufe, akamshika mkono wakashuka ngazi, akamketisha kiti cha mbele na kumfunga mkanda. Kisha akarudi ndani kuchukua birika, kwa sababu ilimpasa afike kabla yao.